Kamera ya Baba Kwaheri

Mkwe wangu alimnyakua mtoto mbele ya kamera yangu kama mtu anayemtoa mtoto barabarani gari linakuja.

Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Ndiyo kwanza ameanza kusimama, kashika mguu wa meza, vijino viwili nje... na mimi babu yake nimepiga goti, jicho kwenye kamera, kidole kwenye kitufe.

"Baba, samahani. Mwanangu usimpige."

Nikadhani ni utani. Nikamuuliza kwa nini.

"Baba, unajua kwa nini."

Nikamtazama kijana wangu wa kumzaa mwenyewe. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mke wangu akaingia na sinia la chai, akatuona tulivyoganda, akarudi nalo jikoni.

Na kweli nilijua kwa nini. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mwaka huu nimeupita kama mtu anayebebwa na maji.

Mimi maisha yangu yote nilikuwa mtunza bohari. Kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi. Nilipostaafu, mke wangu alisema nisipopata cha kufanya nitaanza kumpanga yeye kwenye rafu. Watoto wakachanga, wakaninunulia kamera. Nikajiandikisha madarasa ya jioni. Darasani nilikuwa mzee kuliko wote, na mwalimu wangu ni mdogo kwa kitindamimba wangu. Kila nikitoka nyumbani nilikuwa naomba, Mungu, nifungue kichwa, maana haya mambo ya mwanga hayaingii.

Yakaingia.

Nikatenga kona ya sebule karibu na dirisha. Stuli moja, pazia jeupe jepesi, basi. Mtu anakaa, mwanga unamjia upande mmoja. Na nilikuwa na neno langu moja. Mtu akikaa mbele ya kamera hujikaza, mabega yanapanda mpaka masikioni. Sasa mimi namwambia, "Toa pumzi." Akiitoa tu, mabega yanashuka, uso unakuwa wake. Hapo hapo nabonyeza.

Sikuwa nafanya biashara, ilikuwa starehe yangu. Mtaani wakaniita Mzee Flashi. Nilipenda, nisiwafiche.

Mtu mmoja tu aligoma kukaa kwenye ile stuli. Mke wangu. Nilimbembeleza mwaka mzima. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba uso huu umeuona tangu ujana, sasa unataka nakala ya nini?

Wa kwanza alikuwa kinyozi wetu.

Alikuja asubuhi moja bila kuniambia, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Aliniambia kitu kimoja tu:

"Nipige kama mtu, bwana. Si kama kitambulisho."

Nikampiga. Ilitoka picha... yaani unaona kabisa anataka kukutania. Haikupita muda mrefu, kinyozi akafariki. Picha ile ile ikakuzwa, ikawekwa juu ya jeneza. Watu walilia wakiitazama, wakaniambia nimefanya kazi nzuri.

Akaja mama mshona nguo wa mtaa wa pili, na gauni alilolishona mwenyewe. Nikampiga. Naye akaondoka. Picha yangu juu ya jeneza.

Akaja mwalimu mkuu mstaafu. Alitaka apigwe ameshika miwani, asiivae, kwa sababu mkewe alimpenda kabla hajaanza kuvaa miwani. Tulicheka sana siku hiyo.

Siku ya mazishi yake watu waliitazama picha... halafu wakageuka kunitazama mimi.

Hapo ndipo ilipoanza.

Kwanza ilikuwa mzaha. Mtu ananisalimia, anauliza leo nimetoka na kamera au nimetoka kwa amani. Nikicheka, wanacheka. Kisha mwenye duka akaanza kujikinga uso kwa gazeti kila nikipita na mkoba wangu begani. Kisha nikasikia jina jipya. Baba Kwaheri. Wakasema mzee anakwambia utoe pumzi, na wewe mjinga unatoa, ndiyo imeenda hiyo.

Utabishana na hilo vipi? Nimepiga harusi, nimepiga watoto wa shule, nimepiga timu nzima ya mpira wa vijana, wote wazima wanakimbia. Lakini wazima hakuna anayewahesabu.

Niliomba. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikasema, Ee Mungu, kama kuna kitu kibaya mkononi mwangu, kiondoe, hata kama ni kuuondoa mkono. Ndugu zangu, mtu hafiki kuomba hivyo mpaka ameanza kuamini. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Baada ya ile siku ya mjukuu, nikaipandisha kamera juu ya kabati, nyuma ya mablanketi. Darasani nikaacha kwenda. Nikawa mtu wa kukaa. Mke wangu naye alikuwa hatulii nyumbani, kila mara yuko kwa dada yake, anarudi amechoka, analala mapema. Nikajisemea hata yeye ananikimbia. Sikumlaumu.

Sasa juzi juzi hapa, mjane wa kinyozi akanisimamisha njiani. Alikuwa anataka nakala ndogo ya picha ya mumewe, ya kuweka kwenye pochi. Mimi hata sikumsikiliza vizuri. Nikaanza kumwomba msamaha pale pale, barabarani, watu wanapita. Nikamwambia kama ni mimi nilikuletea msiba, nisamehe.

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Shemeji, kwani hukujua?"

"Nini?"

"Alitoka kwa daktari, akapita kwako moja kwa moja. Alikuwa ameshaambiwa hatapona. Mimi mwenyewe aliniambia baada ya kutoka kwako. Akasema, mke wangu, picha ipo, hutahangaika kutafuta."

Nikamuuliza, na wale wengine?

Akaendelea kunieleza. Yule mama mshona nguo alikutana na kinyozi kwenye benchi la kliniki, pale wanaposubiri kuitwa. Mwalimu mkuu naye alikuwa hapo hapo. Kinyozi, kwa mdomo wake ule, akawaambia wote, nendeni kwa Mzee Flashi, atawatoa vizuri. Jina langu lilikuwa linapita pale benchini kutoka mgonjwa kwa mgonjwa.

Mnanielewa? Kamera yangu haikumfuata mtu. Walikuwa wameshajua, ndiyo maana wakaja.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, na magoti yangu haya. Nilikuwa nashukuru kwa sauti, wapita njia waseme wanavyotaka. Nilitaka nimwambie mke wangu kwanza, halafu nimpigie simu mkwe.

Nikafungua mlango.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, dirishani. Pazia amelishusha mwenyewe. Amevaa gauni lake la kijani la sherehe, nywele amezichana. Kamera iko mezani, imefutwa vumbi.

Moyo wangu ulijaa, jamani. Nikajua huyu ameamua kukaa mbele ya kamera ya Baba Kwaheri ili dunia nzima ione haamini upuuzi wao. Nikaanza kumsimulia yote kwa haraka, daktari, kinyozi, benchi. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Habari za benchi."

"Ulijuaje, mama, na hukuniambia?"

Akalinyoosha gauni pale magotini, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Na mimi nimekaa pale, baba."

...

Hakuwa anaenda kwa dada yake.

Nilisema mambo mengi, sikumbuki hata moja la maana. Nikamwambia tutatafuta daktari mwingine. Akasema wameshatafuta, yeye na dada yake. Nikamwambia tuombe. Akasema anaomba, na mimi niombe, lakini kwanza nimpige picha kabla hajakonda, maana anataka watoto wamkumbuke na mashavu yake.

Nikaichukua kamera. Nikaweka jicho. Yupo pale, mwanga upande mmoja, mabega yamepanda mpaka masikioni kama ya kila mtu. Ananisubiri. Neno langu analijua, amelisikia kutoka jikoni mwaka mzima.

Sikuweza kulisema.

"Baba, si useme?"

"Vuta," nikamwambia. "Vuta pumzi, mama. Ivute. Usiitoe."

Akavuta, akajaza mashavu kama mtoto, akashindwa kujizuia, akacheka. Nikabonyeza. Picha imetoka na ukungu. Mwalimu wangu wa jioni angeikataa. Sijapiga nyingine.

Jana mkwe wangu alikuja na mtoto. Kijana wangu alikuwa ameshamwambia. Alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake pale kwenye stuli, akafuta macho, akaniambia, "Baba, wapige wote wawili." Nikawapiga.

Anaendelea na dawa. Naomba asubuhi, naomba mchana. Zaidi ya hapo sina ninachoweza, na si rahisi kuandika hivyo.

Lakini hili nawaachia, ndugu zangu. Watu watatu walikaa mbele yangu wakiwa wamevaa vizuri. Niliwaambia wageukie upande gani, nikawarekebisha kola, nikawaambia watoe pumzi. Wa nne alikuwa anaingia na kutoka nyumbani kwangu, anarudi amechoka, na mimi nikajionea huruma.

Hakuna hata mmoja niliyemuuliza, "Umetoka wapi?"

Muulizeni. Halafu nyamazeni, mumngoje ajibu.