Mita ya Bwawa la Kuogelea

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Kijino alikuwa na kazi tatu. Alikunja nusu ya turubai lililofunika bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yao. Alimshika babu yake mkono mpaka kwenye ngazi za bwawa. Kisha akaenda nyuma ya chumba cha pampu, akainua mfuniko wa zege, akasoma mita iliyokuwa shimoni na kuandika namba kwenye daftari.

Jina la Kijino alibandikwa na babu, kwa sababu mama yake alikuwa daktari wa meno na yeye mwenyewe alichelewa sana kuota jino moja la mbele. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, jino lilishaota zamani, lakini jina lilikuwa limeganda.

Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi saba. Mabomba ya mtaa yalitoa maji siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo watu walijaza kila kitu, hadi masufuria na mabeseni ya watoto. Mama angekuwa amelikausha bwawa lile, lakini babu alikuwa amepata kiharusi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kama gogo. Ndani ya maji tu ndimo alimoweza kutembea bila kushikwa.

"Basi tutalitunza kwa ubahili," mama alisema. Turubai lilikaa juu ya bwawa mchana kutwa ili jua lisinyonye maji. Kupiga mbizi na kurushiana maji kulikatazwa. Maji ya kusafishia chujio yaliwekwa kwenye mapipa ili yatumike chooni na kudekia sakafu. Na bwawa likipungua, koki yenye boya, kama ile ya tangi la choo, ilijifungua yenyewe na kuongeza maji kutoka tangi kubwa lililo chini ya ardhi, yakipitia kwenye ile mita.

"Mita ndiyo macho yetu," mama alimwambia Kijino. "Kwa siku zinaingia kama lita mia hivi. Zikizidi, niambie siku hiyo hiyo."

Kwa majuma matatu Kijino alifanya kazi hiyo vizuri. Asubuhi moja alipoinua mfuniko, tandu mrefu alitoka na kupita juu ya kidole chake cha mguu. Kijino aliuachia mfuniko, akakimbia. Akiwa bado anahema, alichukua daftari, akaitazama namba ya jana, akaongeza mia moja na kumi.

Siku ile alidanganya kwa sababu ya tandu. Kesho yake alidanganya kwa sababu ya usingizi. Baadaye hakuhitaji tena sababu. Siku moja aliongeza lita tisini, siku nyingine mia na ishirini, ili namba zisifanane mno.

Ijumaa moja, mama alifungua mdomo wa tangi la chini na kuingiza fimbo ndefu ya kupimia. Ilitoka ikiwa imelowa shubiri moja tu.

"Hii haiwezekani," alisema. "Tulijaza juzi." Akachukua daftari, akafuata namba kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. "Bwawa halina neno. Sisi tunaoga kwa kopo. Sasa maji yanakwenda wapi?"

Kijino alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mama aligeuka kuutazama ukuta wa nyuma. Huko kulikuwa na bomba dogo karibu na geti, na mtu mmoja tu wa nje aliruhusiwa kulitumia: jirani yao dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Kwa miaka tisa alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za familia ile na za majirani wengine. Tangu ukame uanze, mama alimruhusu kuchota ndoo tatu kwa siku.

Jioni mama alimwita getini. Kijino alisikia yote kutoka dirisha la jikoni.

"Mama Pasi, tangi langu limekauka. Nakuuliza kwa heshima, unachota ndoo ngapi?"

"Tatu, daktari. Kama tulivyosema."

"Bwawa tunalipima kila siku, liko sawa. Nyumbani hatuna tunachomwaga. Limebaki bomba hili."

"Kwa hiyo jibu unalo tayari," Mama Pasi alisema. "Basi usingeniuliza."

Siku iliyofuata bomba lile lilikuwa na kufuli. Katika mtaa ambao watu walikuwa wakihesabu hata vikombe, habari ilisambaa upesi. Ilipofika Jumatano, watu wa nyumba ya kona walikuwa wameshachukua mashuka yao kwa Mama Pasi, na waliofuata nao wakachukua yao. Kijino akirudi shule alimkuta barabarani akisukuma mkokoteni wenye madumu mawili, akitoka kwenye foleni ya kioski cha maji.

"Shikamoo, Mama Pasi."

"Marahaba, mwanangu. Babu anaendeleaje na mguu?"

Kijino alisema anaendelea vizuri, kisha akapita upesi.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya chumba cha pampu. Aliinua mfuniko. Daftari lilisema elfu arobaini na nane na ushee. Mita ilisema elfu sitini na moja. Babu alikuwa ndani amelala, hakuna aliyegusa bomba lolote, lakini kigurudumu chekundu cha mita kilikuwa kinazunguka taratibu bila kusimama.

Kijino alirudisha mfuniko mahali pake. Alijiambia atasema mama akirudi kazini. Mama akarudi akiwa amechoka, akakaa mezani na kulifungua daftari. "Afadhali wewe, Kijino," alisema. "Angalau humu ndani kuna mtu mmoja ninayeweza kumtegemea." Kijino akayaacha maneno aliyokuwa ameyaandaa, akaenda kulala bila kula.

Jumamosi asubuhi hodi ilipigwa. Mama Pasi alikuwa mlangoni na beseni kichwani. Alilitua sakafuni. Ndani yalikuwamo makoti meupe ya mama ya kazini na shati la babu, vyote vimepigwa pasi na kukunjwa.

"Hizi ndizo zilizokuwa zimebaki kwangu, daktari. Nimezifua kwa maji ya kioski, usiwe na wasiwasi. Naona tuishie hapa."

Mama alinyoosha mkono kulipokea beseni.

"Mama, si yeye," Kijino alisema.

Wote wawili walimgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alishaanza na hakuweza kurudi nyuma. "Mita sijaisoma wiki tatu. Namba nimezitunga mimi. Nimeiangalia Jumatano, inazunguka tu. Maji yanaingia bwawani."

"Jumatano?" mama aliuliza. "Leo Jumamosi."

"Niliogopa."

Mama alikwenda nyuma ya chumba cha pampu, wote wakamfuata, hata babu na fimbo yake. Aliinua mfuniko, akachuchumaa, akakitazama kile kigurudumu chekundu kwa muda mrefu. Kisha akafunga koki.

Fundi wa mabwawa alikuja mchana huohuo. Alijaza ndoo maji, akaisimamisha kwenye ngazi ya bwawa, akachora mstari wa chaki ndani ya ndoo na mwingine kwenye ukuta wa bwawa. Alieleza kuwa jua hunyonya maji sawasawa pote pawili, kwa hiyo bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Kesho yake maji ya ndoo yalikuwa yameshuka kidogo sana. Ya bwawa yalikuwa yameshuka vidole vinne. Alichimba pembeni ya ukuta, akakuta udongo umekuwa tope, na kiungo cha bomba kimepasuka. Alikibadilisha bila kumwaga maji ya bwawa.

"Mngeniita wiki ile ya kwanza, ingekuwa kazi ya saa moja," alisema akinawa mikono kwenye kopo. "Maji mliyopoteza yangetosha nyumba hii miezi."

Jioni mama alimwambia Kijino avae viatu. Walianza na nyumba ya kona. Kwenye kila mlango mama alisema, "Nilimtuhumu Mama Pasi kwa kosa ambalo si lake," na Kijino akasema lililobaki kwa mdomo wake mwenyewe, kuanzia tandu. Milango ilikuwa kumi na moja. Kwenye mlango wa tano alilia, lakini hawakurudi nyumbani.

Wa mwisho ulikuwa wa Mama Pasi. Aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Nimekusikia, mwanangu," alimwambia Kijino. "Kusema mbele yangu ulijikaza, na hilo nimeliona. Lakini siku zile tatu ulizonyamaza, mimi niliziishi." Akamgeukia mama. "Na wewe, daktari, nimekufulia miaka tisa."

"Najua," mama alisema. "Sina cha kujitetea. Kufuli nimelitoa."

"Nitakuja kuchota Jumatatu. Kufua nguo zenu, nipe muda kwanza."

Walirudi polepole. Karibu na geti mama alisimama, akaweka mkono begani mwa Kijino.

"Nisikilize vizuri. Uvivu wa dakika tano asubuhi ungetupotezea maji, na maji yangeweza kutafutwa. Uongo ulimpotezea mtu jina lake, na jina tumelitafuta mlango kwa mlango, na bado halijarudi lote. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Ukiogopa tandu, niite. Namba ya uongo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, kwa sababu mtupu ungenifanya niulize. Mimi nami nimejifunza. Niliamini karatasi nikamwacha mtu ninayemjua."

"Mama, kazi ya mita utampa nani?"

"Wewe," mama alisema. "Na kila Jumapili tutaisoma pamoja."