Mwendo wa Reverien

"Mihogo ianikwe."

Redio ikakata.

Epifania Ndayikunda alizima pikipiki yake, Boxer, akaisukuma ndani ya mikaratusi na kufungua kompyuta juu ya tangi. Amri hiyo ya fumbo ya bosi wake, Isihaka, aliielewa vizuri: chambo kitegwe. Land Cruiser iliyosheheni bunduki ilikuwa imevuka mpaka, na kabla ya giza ilitakiwa ifike Kibondo. Ikifika, watu watazikana.

Njia zilikuwa mbili. Askari wa kweli walijilaza njia ya Nyakitonto, simu zao zimezimwa. Huku Heru Juu hapakuwa na mtu ila yeye.

Yeye na maboksi.

Aliyeyafunga mitini ni marehemu mumewe, Reverien, mtafiti wa unyevu wa udongo. Vijijini huku watu hawazimi Bluetooth, maana nyimbo za kwaya hurushiana sokoni simu kwa simu, bila bando. Basi Reverien akayafundisha maboksi kuongea na simu ya kila mkulima apitaye karibu, zibebe vipimo hadi mjini. Bila kukusudia, yakawa yanajua pia nani kapita wapi. Nsengimana, mfalme wa magendo, akaling'amua hilo. Akamuua Reverien, akachukua kompyuta yake, na tangu hapo akawa anawaona askari kabla wao hawajamwona.

Leo Epifania alimwandalia askari hewa. Maboksi yaliigiza simu tisa za doria. Zilijitangaza majina, na zikiitwa ziliitika.

Kinasa sauti alichokificha ndani ya Land Cruiser kikamletea maneno sikioni. Gari lilikuwa limesimama njia panda.

"Askari tisa Heru Juu," alisema dereva, Stanislaus, akisoma kompyuta ya Reverien. "Tupite Nyakitonto, mukubwa."

"Oya. Ngoja." Huyo alikuwa Nsengimana. "Askari gani hawa hawajongei? Hata wa kwenda kukojoa hakuna? Huu ni mutego, sha. Pinda Heru Juu."

Epifania aliwatazama askari wake hewa kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa amesahau kuwapa miguu.

Mwendo wa mtu, jinsi simu yake inavyosikika, ikafifia, ikadakwa na boksi la mbele, haubuniwi papo kwa papo. Aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu. Ulikaa kwenye kumbukumbu ya maboksi tangu mwaka jana na hakuwahi kuufungua. Ulikuwa wa jioni ile Reverien hakurudi.

"Wanapinda," Isihaka alisema redioni. "Fanya kitu, dada."

Alimwogopa, mume wake mwenyewe. Akabonyeza.

Simu tisa zikaanza kutembea. Zilipita boksi la kwanza kwa mwendo ule wake wa mtu asiye na haraka. Zikasimama kwenye la pili. Bila shaka alichutama kulifuta vumbi. Kisha zikatimka. La tatu, la nne, zikiteremka kuelekea mtoni.



"Hapo alisimama," Nsengimana alisema polepole sikioni mwake. "Hapo alituona. Na huko ndiko tulimukimbiza."

"Nani, mukubwa?"

"Mana yanje, Mungu wangu. Geuza. Geuza gari, nimesema."

Matairi yakalia. Land Cruiser ikashika njia ya Nyakitonto.

Milio miwili ya risasi. Sauti za kuamuru watu walale chini. Halafu redio.

"Tunao wote, na mzigo upo," alisema Isihaka. "Huyu mkubwa wao anatetemeka. Anauliza nani alikuwa Heru Juu. Tumjibu nini?"

"Mwambieni ni mwenye maboksi."

"Sawa. Zima mitambo, dada, uje unywe chai."

Hakuzima. Kwenye kioo simu tisa zilikuwa zimejificha kitambo penye boksi la sita, na sasa zikaanza tena kukimbia. Lilibaki moja tu, la mtoni, pale walipomwokota Reverien. Mwaka mzima Epifania alikuwa akijiuliza alilala pale muda gani kabla ya kukata roho, na swali hilo lilimnyima usingizi. Kioo kingemjibu sasa hivi.

Alifunga kompyuta Reverien akiwa bado anakimbia, akawasha Boxer na kuteremka Kasulu.