Mume Wangu Alitapishwa Kiapo Asichokula

Mimi ni bibi wa miaka themanini na tisa, wa Kibirichia, na hata leo sijatulia. Nikiketi nainuka, nikiinuka naketi!

Wakati wa hali ya hatari, wakoloni walipopigana na wapigania uhuru wa msituni, nilikuwa nimeolewa juzijuzi na Mugambi. Alikuwa na vinundu laini mwili mzima, lakini havikunitisha. Baba yake alikuwa navyo, babu yake pia... Vilikuwa vya ukoo, na wazee hao walilima viazi hadi uzeeni.

Kisha tukahamishwa kwa nguvu, tukasongamana katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Huko ndiko miguu ya Mugambi ilikoanza kumkataa. Mara inakufa ganzi, mara jicho moja linaingia ukungu... Baada ya wiki chache huyo, anachimba handaki na wenzake! Halafu anaanguka tena. Nani angemwamini? Mahomugadi, askari wenyeji wa wakoloni, walisema anakwepa kazi, wakamchapa.

Mama mkwe alihangaika. Vinundu alivijua, lakini hili la miguu lilimshinda. Kirimi, mdogo wake Mugambi, naye homugadi, akamnong'oneza kwamba ni kiapo cha watu wa msituni kimemkamata. Mugambi alikana huku akilia. Mama hakusikia la mtu! Alichinja mbuzi, akaita mganga, mume wangu akatapishwa kiapo mbele ya mlango wetu.

Kesho yake Kirimi akaja na wenzake wenye bunduki.

"Huyu ni mugonjwa tu, Kirimi! Ni ndugu yako!" mama alilia.

"Kama hakukula kiapo, jana ulikuwa unamtapisha nini?"

Walimpeleka kambi ya kizuizini, upande wa Embu, na hakurudi. Mashamba yalipopimwa, letu likaandikwa jina la Kirimi. Ndugu wa tumbo moja!

Juzi mjukuu wangu alipotokwa na vinundu, nilimsimulia daktari wa Meru yote. Akasema vinundu ni ugonjwa wa kurithi, lakini miguu na jicho yaelekea ni ugonjwa mwingine kabisa, ambao huufanya mwili ushambulie mishipa yake wenyewe ya fahamu. Huja, huondoka, hurudi. Maradhi mawili katika mtu mmoja... Si kiapo wala uvivu!

Wasomaji wangu, nawasihi, penye ugonjwa msitafute mwenye dhambi. Mgonjwa akisema leo hawezi, hata kama jana mlimwona akichimba, mwaminini, mpelekeni hospitali. Mimi wangu nilimwona mara ya mwisho akijaribu kupanda lori, mguu ukimteleza kila akiuinua, na kijiji kizima kikimcheka kwamba anaigiza.