Kiranja Aliyemngoja Matroni

Jumanne, tarehe 14 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanguka usiku kucha, na kuni za jikoni zilikuwa zimelowa chepechepe.

"Brigedia," mpishi wa shule alimwita kiranja wa bweni la wasichana, "maji ya pipa la bwaloni sijayachemsha. Moto umenishinda. Wazuie wenzako mpaka adhuhuri."

"Sawa, baba."

Kwa sheria ya shule, pipa lile lilifungwa kwa amri ya kiranja tu. Brigedia aliutazama mfuniko, akawaza jinsi wenzake watakavyomzomea. Matroni wa bweni akija atasema mwenyewe, alijiambia, akaenda zake darasani.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza. Mwalimu Mkuu aliandika ubaoni "step up", akauliza maana yake. Brigedia alinyoosha mkono kabla ya wote.

"Ni kujitokeza na kushika uongozi, mwalimu, pale wengine wanaposita."

"Tunga sentensi."

Alitunga tatu, zote bila kosa.

"Kamusi yenye miguu hiyo!" jirani yake alinong'ona. Darasa likacheka, naye akavimba kichwa.

Saa nne, wakati wa mapumziko, wasichana walimiminika bwaloni wakanywa. Brigedia alisimama hatua tatu kutoka kwenye pipa, akimtafuta kwa macho Matroni, ambaye hakutokea. Kufikia Alhamisi, kumi na tisa walikuwa wamelazwa kwa kuhara.

"Nilimwambia kiranja," mpishi alijitetea mbele ya Mwalimu Mkuu.

"Sikumbuki," Brigedia alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Mpishi akaamriwa afungashe virago.

Ijumaa, Brigedia alimwona akivuka uwanja na sanduku lake begani. Miguu ilimpeleka ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Aliniambia, mwalimu. Nilisema uongo."

Mwalimu Mkuu alimvua beji. "Maana ya uongozi uliijua kuliko darasa zima," alisema. "Lakini kiongozi hutamka lililo zito wakati linapohitajika. Wewe umelitamka watu wakiwa wamekwisha kuugua. Kujua bila kutenda hakumfai mtu yeyote."

Mpishi alirudishwa kazini siku ileile. Brigedia alimfuata jikoni.

"Baba, nisamehe."

"Ulikuwa na deni la kusema kweli, umelilipa," mpishi alijibu, akiendelea kupasua kuni. "Msamaha sina, mwanangu. Watoto wangu wameambiwa njiani kwamba baba yao hutia watu sumu. Haya, ondoka mlangoni, unaniziba mwanga."