Zamu ya Gari

Kila asubuhi Cicily alitoka Nchiru peke yake ndani ya gari la viti vitano. Mbele yake alikuwa jirani yake Thuranira, peke yake pia. Nyuma alifuata Mwalimu Lydiah, naye peke yake. Wote watatu walikuwa wakienda kazini mjini.

Kisha mji ukaanza kutoza ada kila gari linaloingia asubuhi za kazi. Cicily alilipa kwa simu huku amenuna. Ada hiyo ilimeza pesa za petroli ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akienda Kanyakine kwa mama yake. Wiki saba zikapita bila kwenda. Alimkumbuka sana mama yake. Alikumbuka hata harufu ya moshi kwenye leso yake.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alimkabili Mithika, jirani aliyefanya kazi katika ofisi ya barabara.

"Hii ada mlileta kututesa?"

"Hapana, Cicily. Asubuhi magari yanajaa mpaka ambulensi inakwama, na mengi yana mtu mmoja tu. Ada ni ya gari, si ya watu. Mkiwa watatu kwa gari moja, mnalipa mara moja."

"Niombe lifti na niko na gari? Watu watasema nimeuza langu."

"Wacha waseme. Kila mtu aendeshe wiki yake. Lakini msitozane nauli. Hiyo itakuwa biashara, na mkipata ajali bima inaweza kukataa kulipa."

Cicily hakukubali. Kiburi cha usukani si mchezo. Jioni alimpigia mama simu.

"Mama, umepeleka maziwa kuuza kwa deri?"

"Leo si zamu yangu. Ciakuthii amebeba ya nyumba zote nne."

Cicily alikata simu akawaza. Miaka yote maziwa ya mama yake yalibebwa kwa zamu na majirani kama Ciakuthii, na hakuna aliyewahi kusema ng'ombe wake ameuzwa.

Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, alibisha kwa Thuranira, kisha kwa Mwalimu Lydiah. "Wiki hii pandeni kwangu, kisha tuzungushe zamu," alisema.

Wiki mbili zilizofuata wenzake waliendesha, gari lake likapumzika na pesa za petroli zikabaki. Jumamosi akalipeleka Kanyakine. Mama alimshika mkono, hakuuachilia mpaka jikoni. Juu ya meza palikuwa na sahani mbili za mukimo wa viazi na mahindi.

"Ulijuaje nitakuja?"

"Sikujua. Kila Jumamosi nimekuwa nikipakua ya watu wawili."

Cicily alilia kidogo. Kisha akala, akaomba aongezwe.