Mlio wa Kwanza

"...na imepigwa kufuli! Kufuli, madam! Nani hufungia mtu simu kama duka?"

Huyo ni Sajini Ireri, anapiga kelele kutoka sebuleni kabla Inspekta Kagwiria hajavuka hata kizingiti. Na kweli, ilikuwa na kufuli! Simu nyeusi, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, na kwenye tundu moja la namba kumening'inia kakufuli kadogo kama ka sanduku la shule. Simu ya namna hiyo italia, utainua, utaongea na aliyekupigia. Lakini wewe kumpigia mtu? Sahau.

Hatua tatu kutoka hapo, kwenye mlango wa chumba cha kulala, alikuwa Mukami. Alikuwa amelala kifudifudi, sweta ya kijani, mkono mmoja umenyooka mbele kama mtu anayeomba apokezwe kitu. Umri wake miaka ishirini na sita, karani wa kampuni ya Mbegu Imara, tawi la Embu. Kando yake ndoo. Na ile harufu. Novemba hiyo ya tisini na saba, mvua ilipokataa kuisha na vyoo vikafurika mpaka visimani, hakuna mtu Embu ambaye hakuijua harufu ya kipindupindu.

"Vaa glavu," Kagwiria akasema. "Na usiguse hiyo simu. Nani alimpata?"

"Tarishi wa kampuni. Yuko nje anatapika kwa ua. Usijali, si ugonjwa. Ni woga."

Tarishi aliitwa Muriuki. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

"Ulikuja kufanya nini hapa Manyatta?"

"Kuchukua kadi, afande. Kila Ijumaa nachukua kadi."

"Kadi gani?"

"Za wakulima. Jina, shamba, mbegu aliyonunua. Makarani wananakili kwa fomu za Nairobi. Ugonjwa ulipoingia, ofisi ikafungwa, si unajua iko pale karibu na soko? Meneja akachagua makarani sita wenye simu kwa nyumba. Akasema mtafanyia kazi nyumbani, na mimi nitawapima."

"Atawapima vipi?"

"Kwa mlio. Anapiga saa nne, saa nane na saa kumi na moja. Ukiinua mlio wa kwanza, uko kazini. Ukiinua wa tano, ulikuwa jikoni. Wa kumi, basi uko shambani kwako unapalilia maharagwe. Anaandika yote kwa rejista. Jumatatu natembeza karatasi: fulani asilimia tisini, fulani themanini na tano. Mukami alikuwa tisini na tisa, afande. Tulikuwa tunamwita Mlio wa Kwanza."

"Na kufuli?"

"Ni ya meneja, Bwana Mithika. Simu zote sita ziko nayo, ndiyo makarani wasipigie watu wao na bili ni ya kampuni. Funguo anakaa nazo yeye."

"Ijumaa iliyopita Mukami alikuwaje?"

"Mzima! Alinipa uji. Akacheka viatu vyangu, akasema vimefunua midomo kama mamba." Akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika. Akalia.

Kagwiria akamwacha alie. Angesema nini? Kila mtu kijijini alikuwa amefunga geti lake, hakuna aliyeingia kwa mwingine hata kuomba moto. Mtu angeweza kuita mpaka sauti ikauke, na mvua hiyo ingeimeza.

"Madam!" Ireri tena, sasa kutoka barabarani. "Njoo uone mambo!"

Kwenye nguzo ya geti, kwa upande wa nje, palikuwa pametundikwa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pakiti nne za ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na kafunguo kadogo.

Kagwiria akarudi ndani nako, polepole. Akakaingiza kwenye kufuli ya simu. Kaligoma. Akachungulia: tundu lilikuwa limekwaruzwa pande zote, na ndani kulikwama kipande cha pini ya nywele. Akakitoa kwa kibanio, akajaribu tena. Kufuli ikafunguka kama siagi.

Ireri akakiweka kile kipande cha pini kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kwa hivyo mtu alikuja mpaka hapa," Kagwiria akasema hatimaye. "Akiwa na dawa. Na ufunguo. Akafika geti, akageuka."

Mochari, Daktari Lorna hakuwazungusha.

"Kipindupindu, hakuna alama ya kupigwa. Amekufa Jumanne. Pengine asubuhi."

"Leo Ijumaa. Una hakika, daktari?"

"Kama nilivyo na hakika mimi ni mama ya watu wawili."

"Angepona?"

Daktari akavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Chupa chache za maji ya mshipa. Wiki hii nimewarudisha nyumbani wakiwa wazima watu waliokuja wamebebwa kwa mkokoteni. Huyu angetembea kwa miguu yake." Akampa Kagwiria mfuko wa ushahidi. "Hii ilikuwa kwa mfuko wa sweta."

Ilikuwa kadi ya mkulima. Nyuma yake, maandishi safi ya karani. Kagwiria akasoma mara moja, akaiweka kifuani, chini ya koti.

"Mamake Mukami ametuma salamu kutoka Kiritiri," Ireri akasema wakiwa kwa Landrova. "Kwa chifu. Anauliza kitu kimoja tu. Mtoto wake alikuwa na nani?"

Kagwiria akatazama mvua. Hilo ndilo swali angelazimika kulijibu uso kwa uso, na hakuna cheo kinachokusaidia hapo.

Ofisini kwa Mbegu Imara, alikobaki akipiga simu peke yake, meneja hakuwepo. Alikuwa ameenda kwake Githongo, upande wa Meru, tangu asubuhi. Lakini rejista ilikuwa mezani, imepigiwa mistari kwa rula, nzuri kuliko daftari la mwalimu. Ireri akatembeza kidole.

"Mukami. Jumatatu: moja, tatu, saba. Jumanne: moja, moja, moja. Jumatano: moja, moja, moja. Alhamisi..." Akainua kichwa. "Madam, maiti inapokea simu! Na kwa mlio wa kwanza!"

Alicheka nusu, halafu akajisikia akicheka. Akafunga rejista taratibu.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, walimkuta Mithika huko Githongo, katikati ya shamba lake la kahawa. Mzee wa miaka hamsini na kitu, gambuti mpaka magotini, anaokota buni zilizoangushwa na mvua moja moja na kuziangalia kama anazipa alama.

"Muga," akasalimia, kama watu wa huko.

"Muga, mzee. Mimi ni Inspekta Kagwiria, polisi wa Embu. Unajua nimefuata nini?"

"Nimesikia karani wangu amefariki. Ni huzuni."

"Mara ya mwisho kuongea naye?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Aliinua mlio wa ngapi?"

"Wa kwanza. Huyo msichana alikuwa wa kwanza tu."

"Alisema nini?"

"Kwamba yuko sawa."

"Na ufunguo wa simu yake uko wapi?"

Buni zikamtoka mkononi.

"Uko ofisini."

"Uko kwangu," Kagwiria akasema, akaonyesha kafunguo ndani ya mfuko. "Ulikuwa kwa geti lake, pamoja na pakiti nne za dawa. Sasa sikiliza, nikusomee." Akatoa kadi. Sauti yake haikupanda.

"Jumatatu. Saa nne, mlio 1. Saa nane, mlio 3, nilikuwa chooni. Saa kumi na moja, mlio 7. Nimemwambia naharisha tangu asubuhi, siwezi kusimama, atume gari ama alete ufunguo. Amesema niache mchezo. Amesema ataona kesho. Jumanne. Saa nne. Inalia."

Kadi ilikomea hapo.

"Moja, tatu, saba," Kagwiria akasema. "Rejista yako inasema hivyo hivyo. Mpaka Jumatatu mlikuwa mnaandika kitu kimoja, wewe na yeye. Jumanne saa nne ililia mara ngapi?"

Mithika akainama kuokota buni zilizomwanguka.

"Mara ngapi, mzee?"

"Thelathini na moja." Mithika akakaa chini, kwenye matope, na suruali yake safi. "Nilihesabu. Mimi huhesabu."

"Kwa nini hukutuma gari Jumatatu?"

"Wiki ya kwanza karani mmoja alisema anaharisha, anakufa. Nikatuma gari. Tukamkuta anavuna maharagwe! Anatuimbia! Nikaapa sitadanganywa tena." Akajipangusa uso, akaupaka tope. "Jumanne alipokosa kuinua, nikaogopa. Jioni nikachukua dawa na ufunguo, nikaenda. Nikaita kutoka geti. Nikaona nzi kwa dirisha. Wengi. Miguu ikakataa, Inspekta. Nina watoto. Nikatundika mfuko, nikarudi."

"Na hukumwambia mtu. Jumanne mpaka Ijumaa, mwili uko sakafuni. Ukakaa ukaandika mlio wa kwanza."

"Nairobi walitupa wiki sita. Tukifikisha asilimia tisini tukiwa nyumbani, tawi linabaki. Tukishindwa, linafungwa kabla ya Krismasi. Watu kumi na mmoja! Tulikuwa asilimia tisini na moja. Yeye ndiye alikuwa anatubeba wote. Ningeandika sifuri..." Akachora mstari kwenye tope kwa kidole. "Ningeandika sifuri, basi amekufa. Nikiandika moja, ni kama ameinua."

"Na Jumatano? Alhamisi?"

"Nilipiga."

"Ulipiga? Ukijua?"

"Kila saa yake. Nikaacha ilie."

Ireri, mwenye mdomo wake wote ule, alitembea mpaka mwisho wa mstari wa kahawa akasimama huko akiwapa mgongo. Kagwiria akamsomea Mithika makosa: kusababisha kifo kwa uzembe, kuficha kifo, kughushi kumbukumbu. Mzee akanyoosha mikono ifungwe. Mbele ya Landrova akasimama.

"Inspekta. Kwa hiyo kadi, ameandika jina langu?"

"Hapana. Ameandika saa na milio."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa karani mzuri," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Alasiri ilipokuwa inaisha walifika Kiritiri. Mamake Mukami alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mbuzi wake wamerudi wenyewe na hakuna aliyewafungia. Watu wa afya walikuwa wameshamwambia mwili hautaletwa nyumbani, utazikwa na wao, kwa chokaa. Hakuinuka. Alimshika Kagwiria mkono, akauweka kwenye paja lake, akauacha hapo.

"Mwanangu, umetoka kwake?"

"Nimetoka kwake, mama."

"Alikuwa na nani?"

Kagwiria alikuwa amepanga maneno njia nzima, mazuri, ya kulainisha. Akayaacha yote.

"Alikuwa peke yake, mama."

Yule mama akafunga macho.

"Na alikuwa na simu. Alinionyesha, tulipoenda kumtembelea. Nikamwambia, sasa siogopi, hata ukiwa mbali kuna simu. Hakupiga?"

"Alijaribu."

"Ikawaje?"

Wanawake wa kanisa walikuwa wanaingia na kuni na maji, mmoja ameshaanza wimbo chini chini. Kufuli, pini ya nywele, milio thelathini na moja: hayo yote si mzigo wa kumtwika mtu ambaye hajala tangu jana.

"Leo kaa na watu wako, mama. Kesho..." Kagwiria akalisikia hilo neno likitoka mdomoni mwake, likamchoma ulimi. Mwingine naye alisema kesho.

Mama alimwangalia. "Kesho saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuwa nimekaa hapa."

"Na mimi nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu, niingie mpaka ndani," Kagwiria akasema. "Kesho saa nne, mama, nitakuambia yote yaliyobaki."