Jina Ubavuni mwa Mashua

Mnisamehe, hadithi hii naiharibu kila nikiisimulia, maana nacheka pasipochekesha. Ni woga tu, si dharau.

Rafiki yangu seremala alifiwa na mkewe. Mashua ya tanga ilikuwa ya marehemu, yenye jina lake ubavuni, na siku alipozidiwa alimwambia mumewe, "Oa ukitaka, lakini huyo mwenzangu asikanyage chombo changu."

Miezi minne baadaye jina lile lilifunikwa kwa rangi, juu yake likaandikwa la bibi harusi, na maharusi wakatweka tanga kutembea ziwani.

Mchana ukungu ukawafunika, upepo ukakatika. Chini ya mashua kukasikika kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

"Tumegonga mwamba?" mke akauliza.

"Hapa hakuna mwamba, mpenzi. Hapa hata nanga haifiki chini."

"Basi mbona sauti inapanda ubavuni, upande niliokaa mimi?"

Seremala alikamata makasia akavuta hadi viganja vikachubuka, na ile sauti ikawafuata bila haraka mpaka ufukweni.

Walipoivuta mashua mchangani, waliona jina la bibi harusi limekwanguliwa lote, na la marehemu liko wazi. Chini yake kulikuwa na jina la tatu, limechorwa kwa kucha, bado linachuruzika maji.

Lilikuwa langu. Rangi niliipaka mimi, huku nikimtuliza seremala, "Usiogope, marehemu shemeji hasomi."